Trilioni ya Musk haitoki kwenye droo ya kampuni, lakini kuna mtu anailipa

Tangu Novemba 2025 wanahisa wa Tesla walipopiga kura kule Austin na zaidi ya asilimia 75 wakaupitisha mpango mpya wa malipo ya Elon Musk, kila grupu la WhatsApp nililomo kuna mtu kaleta ile habari ya "Musk kulipwa dola trilioni moja", na maoni yanayofuata huwa ya aina mbili tu. Wa kwanza wanaona ni wizi wa mchana, kampuni gani hiyo inampa mtu mmoja trilioni. Wa pili, hawa wanaojua jua mambo ya soko la hisa, wanajibu kwa dharau kidogo kwamba jamani hiyo sio hela, ni hisa, kampuni haitoi hata senti, tulieni. Mimi naona wote wamekosea na hawa wa pili wamekosea zaidi, maana kosa lao ni la zamani, liliwahi kupigiwa kura mpaka na Seneti ya Marekani, na hadi leo limo kwenye ripoti za kampuni kubwa kubwa likiwa limevaa suti. Ninachosema ni hiki: malipo ya hisa ni mshahara kama mshahara mwingine, gharama yake ipo kweli, anayeibeba ni mwanahisa aliyekuwepo, na kile kinachoandikwa vitabuni ni thamani ya ahadi siku ilipotolewa, sio kile ambacho mtu ataondoka nacho mwisho wa safari. Ukivichanganya hivyo viwili hutaielewa ripoti ya kampuni yoyote ya teknolojia.

Tuanze na trilioni yenyewe. Mpango unahusu hisa kama milioni 423.7, karibu asilimia 12 ya kampuni, zimegawanywa mafungu 12, na kila fungu lina masharti mawili ambayo lazima yatimie yote: thamani ya kampuni sokoni ifike kiwango fulani, na kazi fulani iwe imefanyika. Upande wa soko ngazi ya kwanza ni dola trilioni 2 na ya mwisho ni trilioni 8.5. Upande wa kazi kuna magari milioni 20 yafike kwa wateja, watu milioni 10 wawe wanalipia mfumo wa gari kujiendesha, roboti milioni 1, teksi zisizo na dereva milioni 1, halafu kuna ngazi za faida ambazo nitazirudia baadaye maana zina kituko chake. Asilimia 12 ya trilioni 8.5 ndio hiyo trilioni moja ya vichwa vya habari. Kwahiyo ni mavuno ya shamba ambalo halijalimwa, kwa bei ya msimu mzuri kuliko yote, na mwandishi ameyahesabu kama vile magunia yapo ghalani tayari.

Na yule anayesema haitoki hata senti? Fikiria sinia la pilau, watu wanane wamekaa. Mwenyeji anamwambia mpishi njoo na wewe, nawa ukae. Hakuna aliyeingiza mkono mfukoni, pilau haijapungua hata punje, ila kila mmoja wa wale wanane atakula kidogo kuliko alivyotegemea. Mpishi kalipwa, na waliomlipa ni walaji. Inawezekana kabisa mpishi akishajua ana nafasi yake kwenye sinia kesho atapika kubwa zaidi na nyama zaidi, na hiyo ndio hoja yote ya kuwapa wafanyakazi hisa, ni hoja nzuri wala siipingi, ila haifuti ukweli kwamba leo kuna mkono umeongezeka. Kazi ya mhasibu ni kuuandika huo mkono, basi.

Sasa mbona kitu kinachoeleweka hivi kilichukua zaidi ya miaka 30 kuandikwa? Mwaka 1972 bodi ya kanuni za uhasibu ya Marekani ya wakati ule, kabla FASB (bodi iliyochukua nafasi yake) haijazaliwa, ilitoa mwongozo wake namba 25 wenye hesabu ya darasa la tatu: chukua bei ya hisa sokoni siku unayompa mfanyakazi opsheni, toa bei ambayo ameahidiwa kununulia, tofauti ndio gharama. Opsheni ni haki ya kuja kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa leo. Kampuni zikaona mlango, zikaweka bei ya kununulia iwe sawasawa na bei ya siku hiyo, tofauti sifuri, gharama sifuri. Yaani unampa mtu haki ya miaka 10, hisa zikipanda anachukua faida yote, zikishuka hapotezi kitu, halafu vitabu vinasema umempa hewa. Kichekesho ni kwamba mwaka uliofuata tu, 1973, wachumi Black na Scholes walichapisha kanuni yao ya kukokotoa thamani ya opsheni, na mwaka huohuo Chicago ikafunguliwa soko la opsheni ambapo watu walikuwa wanalipa hela taslimu kununua kitu ambacho wahasibu wanakiita sifuri.

Siasa nayo ikamwaga petroli. Mwaka 1993 Bunge la Marekani likasema mshahara wa bosi unaozidi dola milioni 1 kampuni haitaruhusiwa kuutoa kwenye hesabu ya kodi, isipokuwa malipo yanayotegemea utendaji, na opsheni zikaingia kwenye huo msamaha (ulikuja kufutwa na sheria ya kodi ya 2017). Kwahiyo opsheni zikawa hazina gharama kwenye faida na bado zinapunguza kodi, nani angeziacha. Mwaka huohuo FASB ikapendekeza ziandikwe kama gharama, wenye makampuni wa Silicon Valley wakaja juu, na Mei 1994 Seneti ikapiga kura 88 kwa 9 kuitaka FASB iache. Ilikuwa ni azimio tu, halina nguvu ya sheria, ila ujumbe ulifika. Mwaka 1995 FASB ikatoka na kanuni ya kubembeleza: tunapendekeza uandike gharama, usipotaka basi weka kwenye maelezo ya nyuma ya ripoti. Karibu wote hawakutaka. Arthur Levitt, aliyekuwa mwenyekiti wa SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Marekani, wakati ule na yeye akiwa mmoja wa waliowasukuma FASB warudi nyuma, baadaye alikiri hadharani kwamba lilikuwa kosa kubwa. Mwekezaji Warren Buffett alishauliza swali lake tangu kwenye barua ya 1992, kwamba kama opsheni sio malipo ni kitu gani, na kama malipo sio gharama, gharama ni nini sasa. Sijaona aliyemjibu vizuri mpaka leo.

Ikabidi kampuni kubwa za Marekani zilizopika vitabu zianguke, Enron 2001 na WorldCom 2002, ndio watu waanze kuuliza faida za makaratasi zinatengenezwaje. Julai 2002 Coca-Cola wakatangaza wenyewe wataandika opsheni kama gharama, wengine wakafuata. Februari 2004 ikatoka IFRS 2, kanuni ya malipo ya hisa kwa ajili ya nchi zinazofuata kanuni za kimataifa za uhasibu (IFRS), ikaanza kazi Januari 2005, na Desemba 2004 Wamarekani nao wakapata ya kwao ya lazima. Angalia kilichotokea katikati hapo maana kinasema mengi: mwaka 2005 kampuni nyingi zikawahi kuzifanya opsheni za wafanyakazi ziive (yaani ziwe haki yao kamili) zote kwa mkupuo kabla kanuni haijawafikia, ili gharama isipite kwenye vitabu vya miaka inayofuata. Kitu kama hakina gharama, unakikimbia nini? Halafu 2006 ikafumuka skendo ya kurudisha tarehe nyuma. Mabosi walikuwa wanachungulia mwezi uliopita, wanatafuta siku ambayo hisa ilikuwa chini kabisa, wanaandika opsheni zilitolewa siku hiyo, kampuni zaidi ya 100 zikachunguzwa. Na ule mwongozo wa 1972 ndio uliokuwa unaficha, kwa sababu ukidanganya tarehe bei inakuwa sawa, na bei ikiwa sawa gharama ni sifuri.

Hoja za upande wa pili sio zote za kipuuzi na nisingependa nionekane nazipita juu juu. Ya kwanza inasema huwezi kupima. Black na Scholes waliandika kanuni yao kwa opsheni ya muda mfupi inayouzwa sokoni, ya mfanyakazi haiuziki, ina miaka mingi, na akifukuzwa kazi kesho inaweza kupotea, kwahiyo namba utakayoandika ni ya kukisia. Hii ina uzito. Mtu akibadilisha kidogo makisio ya jinsi bei inavyoyumba gharama inahama sana, na wakaguzi wanajua kabisa menejimenti itachagua makisio yanayoipendeza. Lakini vitabu vya hesabu vimejaa makisio: mashine itadumu miaka mingapi, wadeni wangapi hawatalipa, wastaafu wataishi mpaka lini. Kati ya makisio yote unayoweza kuweka kwenye opsheni, sifuri ndio pekee ambayo una uhakika sio sahihi.

Ya pili ni nzuri zaidi, na ukiisikia mara ya kwanza inakuyumbisha. Inasema unahesabu mara mbili: ukiandika gharama unapunguza faida, halafu hisa mpya zikitoka unaigawa hiyohiyo faida kwa watu wengi zaidi, mwanahisa kachapwa fimbo mbili kwa kosa moja. Jaribu hivi. Kampuni iuze hisa mpya sokoni ipate hela, halafu hizo hela ilipe mishahara. Hapo hisa zimeongezeka na gharama ya mshahara imeandikwa, hakuna hata mmoja atakayelalamika kwamba umehesabu mara mbili, ni mambo mawili tofauti yaliyotokea. Sasa badala ya kuuza hisa kwa mtu wa nje, mpe mfanyakazi moja kwa moja. Umeruka tu hatua ya kwenda benki. Ile hoja ya tatu, kwamba ukiandika gharama utaua ubunifu na kampuni changa zitakufa, historia imeshaijibu na sina haja ya kuikalia, kanuni imekuwepo karibu miaka 20 na Silicon Valley haijafungwa, walichofanya wengi ni kuhama kutoka opsheni kwenda hisa kamili zinazoiva taratibu, na Microsoft alihama 2003 kabla hata hajalazimishwa.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndio hiyohiyo inayopendwa grupuni, haitoki hela. Kampuni nyingi za teknolojia zikitangaza matokeo zinatoa faida mbili, ya kanuni na ya "kurekebishwa", na kwenye ya kurekebishwa wanarudisha gharama ya malipo ya hisa kama vile haikuwepo kwa sababu eti sio ya fedha taslimu. Chukua Apple, mwaka wake wa fedha wa 2024. Malipo ya hisa kwa wafanyakazi yalikuwa dola bilioni 11.7 hivi. Hisa zikiiva mfanyakazi anadaiwa kodi, kwahiyo kampuni inazuia sehemu ya hisa zake na kulipia kodi hiyo kwa hela taslimu, kama bilioni 5.4 mwaka huo, ipo kwenye mstari wake kabisa kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Na mwaka huohuo ilinunua hisa zake yenyewe sokoni za karibu bilioni 95, sehemu ya hizo inafunika tu hisa mpya ilizowapa wafanyakazi ili sinia lisijae mikono. Sasa hiyo sio hela ni nini? Imetoka, tofauti ni kwamba imetokea mlango wa nyuma, kwenye fungu linaloitwa kurudisha faida kwa wanahisa, na mwanahisa anapiga makofi. Google walau mwaka 2017 waliacha kuyatoa haya malipo kwenye namba zao za kurekebisha. Wengi bado.

Turudi kwa Tesla na kile kituko. Ngazi za faida kwenye mpango wa Musk, zinazoanzia dola bilioni 50 mpaka 400, zinapimwa kwa EBITDA ya kurekebishwa, yaani faida kabla ya kutoa riba, kodi na uchakavu. Ukienda kusoma inarekebishwaje unakuta malipo ya hisa yametolewa. Maana yake kipimo kinachoamua kama bosi apewe hisa hakihesabu gharama ya hisa anazopewa bosi. Ni sawa na msimamizi wa mradi anayelipwa bonasi asipovuka bajeti, halafu bonasi yake haimo kwenye bajeti. Sio kosa la sheria, imeandikwa wazi na wanahisa wamepiga kura, lakini niliposoma hapo niliweka simu chini kwanza.

Lakini hata kanuni yenyewe ina pengo lake, na hapa wale wa kundi la kwanza wanaopiga kelele wizi wana nusu ya hoja bila kujua. Kanuni inasema pima thamani siku ya kutoa, basi, hurudi kupima tena. Mpango wa Musk wa 2018, ule uliofutwa na jaji wa Delaware Januari 2024 na kurudishwa na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo Desemba 2025, siku ulipotolewa ulithaminiwa kama dola bilioni 2 na kitu, maana wakati ule watu waliona kufika thamani ya dola bilioni 650 ni ndoto za mchana. Kiwango cha juu cha mpango huohuo kilihesabiwa mahakamani kuwa bilioni 55.8. Vitabu vya Tesla havikuonyesha bilioni 55.8 popote kama gharama, na wala havitaonyesha. Wahasibu wanajitetea hivi: siku ya makubaliano pande zote mbili zilibadilishana kazi kwa ahadi yenye thamani ile, kilichotokea baadaye ni bahati ya mwenye hisa, kama vile ukimlipa fundi kwa kiwanja cha Kigamboni cha milioni 5 na baadaye kiwanja kikafika milioni 100, nyumba haikugharimu milioni 100. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ila fundi hakuwa na uwezo wa kupandisha bei ya kiwanja, hakukaa kwenye bodi inayopanga masharti. Kwa bosi mwenye nguvu kama huyu, namba ya siku ya kutoa inakuambia bei ya ahadi na haikuambii chochote kuhusu nani aliandika ahadi.

Kuna upande wa pili wa hilo pengo unaowachanganya waandishi wa habari kila mara. Uber walipoingia sokoni Mei 2019, kwa robo hiyohiyo wakatangaza hasara ya dola bilioni 5.2 na dunia nzima ikaandika kampuni inakufa. Katika hiyo, bilioni 3.9 ilikuwa malipo ya hisa ambazo wafanyakazi walizifanyia kazi kwa miaka, ila zilikuwa na sharti la kampuni kuingia sokoni, na sharti la namna hiyo halihesabiki kuwa linaelekea kutimia mpaka litimie. Likatimia siku moja, gharama ya miaka ikadondoka kwenye robo moja. Robo ile haikuwa mbaya kiasi hicho, na zile zilizotangulia hazikuwa nzuri kama zilivyoandikwa.

Huku kwetu hili sio la mbali kama linavyosikika. Kenya na Tanzania zote zinafuata IFRS, kwahiyo kampuni kama Safaricom yenye mpango wa hisa za wafanyakazi zinazoshikwa na trasti inaandika kwa IFRS 2 ileile. Kenya kwenye sheria ya fedha ya 2023 waliona tatizo la vijana wa startapu kudaiwa kodi kwenye hisa ambazo hawawezi kuziuza popote, wakaruhusu kodi isubiri mpaka auze, au aache kazi, au ipite miaka mitano, chochote kitakachotangulia. Ni hatua ya maana. Lakini elimu ya mfanyakazi mwenyewe ipo chini mno. Binamu yangu anaandika programu akiwa Mbezi kwa startapu moja ya nje, alikuja na karatasi ya ofa, mshahara umepunguzwa na badala yake kapewa opsheni 20,000, anacheka mpaka jino la mwisho. Nikamuuliza 20,000 kati ya ngapi? Tukaipekua ile karatasi kurasa zote sita, hakuna mahali pameandikwa jumla ya hisa za kampuni, bei ya kununulia ipo, muda wa kuiva upo, jumla haipo. Inaweza kuwa asilimia 2 ya kampuni, inaweza kuwa tone baharini. Aliandika email kuuliza, wakamjibu ni siri ya kampuni.

Kwahiyo mtu akitaka kuufuatilia huu mpango wa Tesla kwa akili, aachane na trilioni na aachane na sifuri. Masharti ya bei ya soko yameshaingizwa kwenye thamani ya siku ya kutoa, bei ikifika au isipofika gharama haibadiliki. Lakini masharti ya kazi, magari, roboti, teksi na faida, gharama ya fungu husika inaanza kuandikwa pale tu menejimenti inapokubali kwamba sharti linaelekea kutimia, na siku wakikubali wanaandika na kile kilichopaswa kuwa kimeandikwa huko nyuma, kwa mkupuo. Maana yake kila robo mwaka Tesla inalazimika kusema, kwa namna ambayo mkaguzi anaipitia, wapi inaamini ndoto zake na wapi haiamini. Musk anaweza kusema jukwaani roboti milioni 1 zinakuja, ila wahasibu wake wakiacha hilo fungu bila gharama watakuwa wamesema kitu kingine. Mimi ripoti ikitoka naruka faida, naruka picha za magari, nakwenda kwenye maelezo ya malipo ya hisa huko nyuma kabisa, kuhesabu ni masharti mangapi wameyaandika kuwa yanaelekea kutimia na ni yapi.